Mrejesho: Uingereza na watoto wadogo

Asanteni sana mlionishauri nilipouliza, mimi muuguzi wa Mombasa mwenye watoto wawili, mmoja bado ananyonya, kama nichukue kazi ya kutunza wazee Uingereza au nisubiri.

Kazi ile niliikataa. Tangu Machi 2024, anayeomba viza mpya ya kazi hiyo haruhusiwi kwenda na mume wala watoto. Wakala alisisitiza "watafuata baadaye", lakini nilipotaka aliandike kwenye mkataba, akaanza kuzungukazunguka. Niache mtoto anayenyonya? Siwezi. Na Julai 2025 njia yenyewe ikafungwa kwa wanaoajiriwa kutoka nje.

Anayeajiriwa kama muuguzi bado anaruhusiwa kwenda na familia, kwa hiyo ndiyo njia niliyoshika. Mtihani wa Kiingereza nimeufaulu, sasa nasomea ule wa uuguzi unaofanywa kwenye kompyuta, nitaufanyia Nairobi. Wa vitendo hufanyiwa hukohuko Uingereza. Usiku, watoto wakilala, mume wangu ananiuliza maswali ya hesabu za dawa. Si mtu wa hospitali, majina yanamshinda kutamka, lakini haachi.

Mama mkwe hajaridhika, anahofia wajukuu watasahau kwao. Bado tunazungumza naye, taratibu.