Saratani ya ulimi imeingia kwenye mitoki ya shingo. Apasuliwe au tuache?

Mnyalukolo_B: Wakuu, mjomba ana miaka 58, mkulima wa ndizi Tukuyu. Majibu ya kipimo cha kinyama kilichokatwa ulimini: saratani ya ulimi, na mtoki (tezi ya limfu iliyovimba) shingoni kushoto, sentimita 3. Hospitali ya Rufaa Kanda ya Mbeya wamependekeza ulimi na shingo vipasuliwe siku moja. Wazee wanasema ikishasambaa, kisu kinaiamsha. Tufanyeje?

Tieta_Na2: Kusambaa hadi shingoni si sawa na kufika mapafuni. Ikiwa shingoni tu, bado kisu kinaweza kuponya. Ikifika mapafu au mifupa, upasuaji mkubwa kwa kawaida hauponyi. Kwa hiyo swali la kwanza: picha ya CT ya shingo na kifua imefanyika?

Shingoni hawatoi uvimbe peke yake. Wanatoa mafuta na mitoki iliyomo, kuanzia chini ya taya kushuka, maana yenye saratani ndogo haishikiki kwa vidole. Zamani, kwa mtindo wa daktari mpasuaji Crile wa 1906, waliondoa pia msuli mkubwa wa shingo, mshipa wa jugula na neva ya bega. Leo vinaachwa kama havijashikwa. Ulizeni hasa hiyo neva: ikikatwa, bega linaanguka na mkono haupandi. Kwa mtu wa kubeba mikungu hilo si dogo.

Wodi_Saba: Naongeza ya wodini. Usiku wa kwanza shingo ikivimba ghafla au akipumua kwa shida, mwite nesi papo hapo, msisubiri raundi. Damu inaweza kuwa imejaa ndani. Mpira wa kunyonya majimaji hutolewa ukishuka hadi takriban mililita 30 kwa saa 24. Ukigeuka mweupe kama maziwa baada ya kuanza kula, mfereji wa limfu, unaopitisha mafuta ya chakula kwenda kwenye damu, umejeruhiwa, na kushoto ndiko hutokea zaidi. Mafuta kwenye chakula yasimame, daktari aambiwe.

Mnyalukolo_B: Asanteni. Mionzi nayo?

Tieta_Na2: Kwa hali yake huenda akaihitaji, na ianze ndani ya wiki 6 baada ya upasuaji. Ombeni mapema rufaa ya Ocean Road, taasisi ya saratani iliyoko Dar es Salaam. Wengi hukwama wakingoja majibu ya maabara ya nyama iliyotolewa, fuatilieni wenyewe. Saratani ikiwa imetoboa ganda la mtoki au imebaki kwenye kingo za sehemu iliyokatwa, dawa ya saratani iitwayo sisplatini huongezwa, figo zikiruhusu. Meno mabovu yang'olewe kabla ya mionzi, ikiwezekana siku ileile ya upasuaji. Kung'oa kwenye taya lililokwisha pigwa mionzi kunaweza kuozesha mfupa.