Gia saba zimebaki tatu, halafu fundi ananiuliza Tanga kuna mlima gani!

Mleta uzi: Gia Saba

Wakuu, salamu baadaye, nina hasira.

Simtaji jina. Wa Tanga wote mnamjua. Yule wa pale mwembeni, redio yake inashinda mashine ya kusaga kwa kelele, na bisibisi yake ni ileile tangu enzi za Mwalimu. Huyo huyo.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kuliko kuchemsha yai. Shifta ya kulia ya baiskeli yangu (kile kibadilisha gia cha kwenye usukani), Shimano ya gia saba ya miaka ya 1990, ukiibonyeza inacheza tu kama jino bovu, haing'ati. Ugonjwa wake unajulikana: grisi ya kiwandani imekauka ikawa ulimbo, kile kidole cha chuma cha ndani kimenata, springi haina ubavu wa kukirudisha kwenye meno. Dawa yake mafuta ya taa. Mafuta ya TAA!

Yeye kang'oa shifta nzima, kaitupia kwenye ndoo ya vyuma chakavu, kafunga ya KUSHOTO upande wa KULIA. Ile ya sahani tatu za mbele! Na kwa kuwa ya kushoto haikubali kukaa kulia, kaipindua miguu juu, vibonyezo vinatazama mbinguni kama vinaomba dua. Shifta ya mbele inavuta waya mwingi zaidi kwa kila mlio, kwa hiyo ukibonyeza mara moja cheni inaruka gia ya katikati kama chura. Saba zimebaki tatu.

Naulizia zile nne, ananijibu bila hata kuinua kichwa: "Saba za nini? Tanga kuna mlima gani?"

TANGA KUNA MLIMA GANI!

Waya kaweka wa breki, kichwa chake kinene kakipiga tupa mpaka kikaingia kwa huruma. Kava, lile ganda la nje la waya, nayo ya breki. Hayo ningesamehe. Lakini mtu anakutoa gia nne, anakudai elfu kumi na tano, halafu mlima gani? Kwa hiyo wa Moshi ndio wana haki ya gia?

Mzee wa Spoku: Lushoto iko mkoa gani? Mwambie akapande na hizo tatu zake.

Binti Pedali: Nimecheka hapo kwenye vibonyezo kuomba dua 😂 Mleta uzi, hivyo vinakuombea wewe uliyekubali kulipa.

Cheni Kavu: Punguza jazba, mkuu. Ile ya zamani kaiokote kwenye ndoo kabla hajaiuza kwa kilo. Bonyeza kibonyezo cha kulegeza mpaka mwisho, gia ndogo kabisa (lile duara la meno dogo kuliko yote nyuma), ndipo tundu la kichwa cha waya linajitokeza. Toa waya. Vuta mafuta ya taa kwa bomba la sindano, yapulizie ndani huku unabonyeza vibonyezo vyote viwili, yatoke meusi, rudia mpaka yatoke masafi. Mara ya kwanza itakataa, usikate tamaa, ulimbo wa miaka thelathini hauondoki kwa dakika mbili. Ikianza kulia "ta, ta, ta" iache ichuruzike, kisha matone matatu manne ya oili ya cherehani. Grisi nzito usiweke, ndiyo iliyokufikisha hapo. Na ile nati ya katikati USIIFUNGUE. Springi ikiruka utaitafuta mpaka Pangani.

Mleta uzi: Gia Saba: Asante mkuu, lakini "mlima gani" bado inaniuma.

Mzee wa Spoku: Kama meno ya ndani yamelika, mafuta hayasaidii, nunua nyingine. Ya mlio saba, ya usukani wa milimita 22.2. Ukikosa ya saba chukua ya nane ya Shimano, nafasi kati ya gia ni milimita 4.8 badala ya 5.0. Ilinganishe kwenye gia ya nne, tofauti igawanyike huku na huku, na skrubu za dereila (kile kinachohamisha cheni kule nyuma) zizuie mlio wa ziada. Shifta ya gia sita usiguse. Ukichoka kabisa, tafuta zile za zamani za kidole gumba zisizo na mlio, hizo hazihesabu gia, unasikiliza cheni mwenyewe.

Binti Pedali: Na waya wa milimita 1.2, kava ya milimita 4. Kava ya gia nyaya zake zimelala wima, ya breki zimejizungusha kama springi, ukivuta inajikunja na gia inapotea. Funga waya cheni ikiwa kwenye gia ndogo. Ikichelewa kupanda gia kubwa, fungua ile koki ndogo ya waya nusu mzunguko.

Kandambili: Afadhali huyo fundi. Mwenye duka la barabara ya saba (mnamjua) anauza waya wa breki, anakuambia "huu ni wa vyote, bosi". Wa vyote! Kama panadoli!

Cheni Kavu: Yule? Viraka vyake vinabandika vidole tu, tyubu havijawahi kubandika.

Binti Pedali: Viraka si shida, hamsugui msasa, na gundi hamsubiri ikauke. Mnabandika ikiwa mbichi kama uji.

Kandambili: Msasa upi dada, jirani aliazima pampu na msasa tangu Ramadhani.

Mzee wa Spoku: Pampu ya miguu au ya mkono?

Kandambili: Ya miguu!

Mzee wa Spoku: Basi hiyo haturudishiwi. Yangu ina mwaka wa pili.

Mleta uzi: Gia Saba: Jamani, shifta yangu?

Cheni Kavu: Mzee, hiyo pampu ilikuwa na geji?