Naomba ushauri kuhusu dawa ya presha na uvimbe wa miguu

Ndugu wanachama, mama yangu mwenye umri wa miaka 63, ambaye tunaishi naye hapa Kisumu, ameandikiwa kidonge kimoja cha asubuhi chenye haidroklorothiazaidi na amiloraidi, dawa mbili za kuongeza mkojo, kwa ajili ya presha na miguu iliyofura. Uvimbe umepungua, nashukuru. Hata hivyo, jirani anamhimiza ale ndizi nyingi ili kurudisha madini ya potasiamu yanayopotea kwa mkojo, ilhali nijuavyo amiloraidi huyazuia yasitoke, na mama anameza pia losatani, dawa nyingine ya presha, ambayo nayo huweza kuyapandisha. Yakizidi, mapigo ya moyo huvurugika. Je, mliotumia dawa hizi pamoja mlipimwa damu baada ya muda gani? Kliniki yake ni mwezi ujao, nami naona ni mbali mno. Tena, mzazi aliyezoea omena yenye chumvi nyingi hushawishiwa vipi aipunguze?