Tupeane uzoefu: dawa ya kutuliza kabla ya kung'oa jino au kufanyiwa kipimo

Wakuu, kiti cha daktari wa meno nimekiogopa tangu darasa la 4, niliposhikwa na watu wawili nikang'olewa gego kabla ganzi haijakolea. Mwaka jana gego la mwisho liliniuma wiki 3. Mara mbili nilifika mlangoni nikageuza. Safari ya tatu nikamwambia daktari ukweli kwamba naogopa. Hakunicheka. Akaniandikia diazepamu, kidonge cha miligramu 5 usiku wa kuamkia siku yenyewe na kingine saa moja kabla, akasisitiza nisije peke yangu wala nisiendeshe gari. Mdogo wangu akanipeleka. Nilikuwa macho, namsikia daktari, ila moyo umetulia na mikono haitetemeki. Sindano ya ganzi nilichomwa vilevile, maana kile kidonge kinaondoa hofu, maumivu hakiyagusi. Wengi tunachanganya hapo. Nyie yaliwakuta yapi?

Mama Wawili: Pole dada. Mwanangu wa miaka 4 alikuwa afanyiwe upasuaji wa ngiri. Siku ya kwanza tulirudishwa kwa kosa langu: alilia njaa alfajiri, nikampa uji. Niliumia, lakini wakanielewesha kuwa akitapika usingizini chakula kinaweza kuingia mapafuni. Tuliporudi hakuwa amekula kwa masaa 6. Akanyweshwa midazolamu ya maji, nayo ni dawa ya kutuliza, chungu mpaka akakunja uso. Dakika kama 20 hivi kichwa kikamlegea begani kwangu, akachukuliwa bila kilio. Mtoto wa kitanda cha pili dawa ileile ilimgeuza, akawa anapiga mateke na kulia. Nesi alisema baadhi ya watoto huwatokea.

Babu Pwani: Mimi nilipigwa kamera ya tumbo. Midazolamu ya mshipa. Nakumbuka nesi akinibana kidoleni kile kifaa cha kupimia oksijeni, basi. Mke wangu anasema nilijibu kila nilichoulizwa, daktari akanieleza majibu na mimi nikaitikia nimeelewa. Sikumbuki hata neno. Bila yeye ningerudi nyumbani sijui kama nina vidonda. Nendeni na mtu, na majibu yaandikwe.

Nesi wa Zamu: Naomba mtuambie kila mlichomeza. Mgonjwa mmoja alikunywa vidonge vya kutuliza vya jirani na bia za kujipa moyo, akanyamaza. Tukamchoma dozi ya kawaida, pumzi ikapungua mpaka ikabidi tumsaidie kupumua. Flumazenili, inayokata nguvu ya dawa hizi, ilimzindua, ila yenyewe huisha mwilini mapema kuliko alichomeza, hivyo tulimkalia mpaka jioni.

Mwanzisha uzi: Asante nesi. Mama yangu ana pumu na kila usiku anameza dawa ya usingizi. Mwezi ujao anang'olewa meno mawili. Tufanyeje?

Nesi wa Zamu: Mpeleke mapema kabla ya siku yenyewe, na pakiti zote za dawa zake mkononi. Asiongeze wala asiache chochote mpaka daktari azione.