Tupeane uzoefu: waliotumia dawa za sonona, hasa hizi za kisasa, zilianza kufanya kazi lini?

Mleta mada (Nyakato)
Wakuu, habari za jioni. Namuuguza mdogo wangu mwenye sonona. Daktari kamwanzishia fluoksetini, na nyumbani pamewaka moto. Mama anaona wiki inakatika na mgonjwa bado kageukia ukutani, chakula hagusi, kwa hiyo dawa ni feki. Mjomba anataka tumpeleke kwa mganga Magu. Mimi nimeng'ang'ania amalize mwezi kwanza, na sababu yangu ni hii.

Ndani ya ubongo seli moja ya neva humwaga kemikali iitwayo serotonini kwenye upenyo mdogo ili ujumbe ufike seli ya pili, kisha hujirudishia ile iliyobaki. Fluoksetini inaziba njia hiyo ya kurudishia, serotonini inabaki nyingi kwenye upenyo. Hilo hutokea ndani ya saa chache tu. Tatizo ni kwamba seli inayomwaga ina vipokezi vyake vya kujipima. Vikihisi serotonini imezidi, inapunguza kumwaga. Vipokezi hivyo huchukua wiki kadhaa kulegea, na katika muda huohuo seli zinaanza kuunganishwa upya. Ndiyo maana watu huambiwa wasubiri wiki mbili hadi sita. Madhara kama kichefuchefu na kukosa usingizi hayasubiri, yanatangulia. Mgonjwa anaonja uchungu wote kabla ya faida, na hapo ndipo wengi wanatupa vidonge.

Waliopitia, tuambieni ilivyokuwa.

Mtu wa dagaa (Igombe)
Mkuu, usimtoe kwenye dozi. Mimi nilianzishwa amitriptilini, ile ya zamani, usiku kidonge. Sasa mvuvi wa dagaa usiku ndio kazini! Siku za giza tuko ziwani na taa mpaka alfajiri. Mdomo ulikauka kama nimelamba majivu, choo kikagoma, na usingizi ukanishika nimekaa ukingoni mwa mtumbwi. Mwenzangu alinidaka kwa mkanda wa suruali. Niliporudi kliniki nikamweleza daktari kazi yangu, akanibadilishia. Waambieni madaktari mnafanya kazi saa ngapi, hawawezi kuotea.

Mama Wawili (Sengerema)
Yangu ilikuja baada ya kujifungua. Mtoto analia, mimi namtazama tu. Mama mkwe akasema nimerogwa na jirani. Nikapewa setralini, na daktari akanihakikishia naweza kuendelea kunyonyesha kwa sababu inayopita kwenye maziwa ni kidogo sana. Cha kwanza kurudi hakikuwa furaha. Asubuhi moja nilitamani samaki. Sato wa kuchemsha, na ndimu! Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyemkaanga wa pili.

Nimesoma kuna kidonge kipya cha hali hii, zuranoloni, Marekani walikiidhinisha mwaka 2023. Kinamezwa jioni kwa siku 14 basi. Hakigusi serotonini, kinaongeza nguvu ya GABA, kemikali inayotuliza ubongo, kwa kuiga homoni ambayo hushuka ghafla mama akishajifungua. Natamani kifike huku kwetu.

Mfamasia (Buzuruga)
Mleta mada umeeleza vizuri. Naongeza yanayonikera dukani. Mtu yuko kwenye fluoksetini halafu anaomba tramadoli ya mgongo: zikikutana serotonini inaweza kupanda hadi kuhatarisha maisha, mtu anatetemeka, anatoka jasho, joto linapanda, anachanganyikiwa. Diklofenaki, dawa nyingine ya maumivu, nayo ikichanganywa na fluoksetini tumbo linaweza kuvuja damu. Semeni mnatumia nini kabla ya kununua.

Pili, mdogo wako ana umri gani? Walio chini ya miaka 25 wanahitaji kuangaliwa kwa karibu sana wiki za mwanzo, maana mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka. Akibadilika ghafla, asitulie kabisa au azungumzie kufa, mrudisheni hospitali siku hiyohiyo. Vidonge viwe mikononi mwako.

Kijana (Nyegezi)
Niseme lisilosemwa: hamu ya tendo ilipotea. Nilikaribia kuacha kimyakimya, ila nikamweleza daktari, akarekebisha dozi. Wanaume msione aibu, ni madhara yanayojulikana.

Mchangiaji (Pasiansi)
Mbona nasikia habari ya upungufu wa serotonini imepingwa?

Mleta mada
Kweli mkuu, mwaka 2022 watafiti wa Uingereza walipitia tafiti nyingi wakasema hakuna ushahidi thabiti kwamba sonona husababishwa na upungufu wake. Lakini chanzo cha ugonjwa na kinachosaidia kuupunguza ni maswali mawili. Hata esiketamini, dawa ya kupuliza puani iliyoidhinishwa Marekani 2019, haipitii serotonini bali glutamati, kemikali nyingine ya ubongo, na inaweza kuleta nafuu ndani ya saa chache. Hutolewa mbele ya wahudumu na mgonjwa huangaliwa saa mbili.

Mfamasia, ana miaka 22. Vidonge nimevihamishia chumbani kwangu, na usiku nalala naye chumba kimoja. Mtu wa dagaa, wewe walikubadilishia vipi? Na unameza saa ngapi?

Mtu wa dagaa (Igombe)
Amitriptilini ilipunguzwa kidogo kidogo kwanza, kwani fluoksetini huipandisha kwenye damu. Sasa nameza mchana nikishaamka, baada ya ugali, kabla sijaenda kushona nyavu. Mbalamwezi ikiwaka hatuendi ziwani, ila saa ya kidonge ni ileile.