Stata nzima, kukarabati, au kufunga rilei? Gari linagoma kuwaka injini ikiwa ya moto

KitiChaMbele
Wakuu, heshima kwenu. Nina saluni ya mwaka 1996, petroli, injini ya lita 1.5, gia otomatiki. Asubuhi inawaka kwa kugusa tu. Shida ni nikishaendesha kama nusu saa, nikazima dakika kumi, nikarudi. Nageuza ufunguo, nasikia "tk!" moja, basi. Taa za dashibodi hazififii hata kidogo. Nageuza tena, na tena, siku nyingine hadi mara ya kumi na mbili (nimehesabu, abiria wakinitazama), mara inazunguka kwa nguvu zake zote kana kwamba hakuna kilichotokea.

Betri nimeshanunua mpya, hali ni ileile. Mafundi watatu wamenipa majibu matatu. Wa kwanza anataka nitupe stata (mota ya umeme inayozungusha injini ili iwake) nifunge nyingine nzima. Wa pili anasema aifungue abadilishe kaboni (vipande vinavyoipa mota umeme ikizunguka) na vishikizo vya shaba vya ndani vinavyogusana kupitisha umeme. Wa tatu anasema stata haina kosa, tuweke rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe mkubwa) kati ya swichi ya ufunguo na stata. Kila mmoja anaapa kwamba ndiyo dawa. Nianze na ipi?

MzeeKabureta
Kijana, kabla ya hao watatu, shika vichwa vya waya wa betri ujaribu kuvizungusha kwa mkono. Kikicheza hata kidogo, anza hapo. Mimi kwenye pikapu yangu nilibadilisha stata mbili, ya pili bado iko stoo, kumbe kichwa cha hasi kilikuwa kimelegea. Vitoe, piga msasa mpaka ving'ae, kaza. Na ule waya mnene unaotoka kwenye injini kwenda kwenye bodi usiusahau. Unaweza kuwa mzima kwa nje, ndani umeoza wote.

Ngurumo4x4
Stata nzima. Nasema hivyo kama mtu anayesafiri usiku. Fundi akifungua ya zamani anabadilisha kimoja, baada ya miezi kinakufa kingine, unafungua tena. Nzima unafunga mara moja unasahau.

DadaSpana
Mkuu Ngurumo, inategemea hiyo "nzima" imetoka wapi. Ukichukua iliyotolewa kwenye gari jingine la umri uleule, umenunua uzee wa mtu mwingine. Shaba zake zimekula kama zako, tofauti ni kwamba zako unazijua. Na hizi mpya za bei rahisi nimezitoa nyingi kwenye magari ya wateja zikiwa hazijamaliza mwaka. Stata iliyokuja na gari, kama mota yake haijaungua na bushi hazijalegea, ningeikarabati kabla ya kuitupa. Kazi kubwa ni kuitoa tu. Kwenye baadhi ya injini imejificha chini ya manifoldi, utatoa nusu ya vitu vya juu kabla ya kuiona.

FundiWaya
Mnabishana dawa, mgonjwa hajapimwa. Rilei, shaba na stata nzima kila moja inatibu ugonjwa wake. Tatizo la mara moja moja lazima ulinase likiwa linatokea. Likishapita, kila kitu kitapima kizima.

KitiChaMbele, tafuta mita ya kupima umeme na mtu wa kukusaidia kugeuza ufunguo. Breki ya mkono juu, gia kwenye P, nguo na waya za mita mbali na feni na mikanda. Betri iliyojaa na kupumzika inasoma kama volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Sasa stata ikiwa inazunguka, tazama tena. Ikishuka chini ya 9.6 kwenye hali ya joto la kawaida, shuku betri hata kama ni mpya. Wewe unasema taa hazififii, kwa hiyo nadhani haitashuka. Taa zisipofifia maana yake ule mkondo mkubwa hautoki kabisa kwenye betri. Kitu kimekata njia.

Kupima hasi: ncha moja kwenye nguzo yenyewe ya betri (nguzo, si kichwa cha waya), nyingine kwenye chuma kisafi cha injini, stata ikizunguka. Ukipata zaidi ya volti 0.3, Mzee Kabureta amekwisha kukuambia cha kufanya. Mtu asidharau kutu kidogo: stata ya injini ndogo inaweza kuvuta ampea 150, na ukinzani wa omu 0.01 tu hapo unakula volti 1.5.

Kipimo chenyewe sasa. Nyuma ya stata kuna nguzo tatu. Moja ina waya mnene utokao betri, huo una umeme saa zote. Ya pili ni ya waya mwembamba wa amri, unaopata umeme ukigeuza ufunguo. Ya tatu ina waya mfupi mnene unaoingia kwenye mota. Likigoma, msaidizi ashikilie ufunguo, wewe pima zote tatu kwa zamu, ncha hasi ikiwa kwenye chuma cha injini.

Waya wa amri ukisoma volti 7 au 8, fundi wako wa tatu yuko sahihi: umeme unapotea kwenye swichi ya ufunguo au swichi ya gia (ile inayoruhusu gari kuwaka likiwa P au N tu), na rilei itasaidia. Amri ikiwa nzuri, waya mnene mzuri, mota sifuri, basi shaba za ndani ya solenoidi (swichi ya sumaku iliyo kwenye stata, ndiyo inayopiga "tk") zimekula. Mota ikipata umeme wa kutosha na haizunguki, kaboni au mota yenyewe.

Ngurumo4x4
Na kwa nini ikiwa ya moto tu? Asubuhi inawaka bila shida.

FundiWaya
Shaba ikipata joto ukinzani wake unapanda, karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii moja. Stata iliyokaa karibu na ekzosi ikitoka digrii 20 kufika 80, koili ya solenoidi imeongeza ukinzani kama asilimia 23. Inavuta kwa unyonge. Kasoro ndogo ambayo asubuhi ilikuwa inafichwa na nguvu, mchana inaonekana.

Nilisahau: likigoma, jaribu pia kuwasha ukiwa kwenye N badala ya P. Likikubali N kila mara, shuku swichi ya gia.

TairiBovu
Piga stata kwa nyundo, itawaka. Mimi nina mwaka wa pili na nyundo yangu chini ya kiti.

DadaSpana
😂 Igonge taratibu, kwa mpini. Stata nyingine zina sumaku za kubandikwa ndani, ukizipasua umeongeza kazi. Na wale wanaounganisha nguzo kwa bisibisi waache kabisa. Gari likiwa kwenye gia linaondoka na wewe uko mbele yake.

KitiChaMbele
Nimerudi. Ilinichukua siku tatu kulinasa, maana nikiwa na mita mkononi lilikuwa linawaka kama jipya. Jana jioni likagoma, mdogo wangu akashika ufunguo, mimi nikalala chini na tochi mdomoni.

Betri 12.5. Waya mnene kwenye stata 12.4. Waya wa amri 11.3. Nguzo ya mota 0. Nikarudia mara nne, sifuri, sifuri, sifuri, ya tano likawaka na mimi nikiwa bado chini, karibu nigonge kichwa kwa mshtuko. Hasi ilisoma 0.12 likizunguka. Kwenye N linagoma vilevile.

FundiWaya
Safi. Amri inafika, solenoidi inapiga "tk", lakini umeme hauvuki kwenda kwenye mota. Rilei haina cha kufanya hapo. Fungua kofia ya nyuma ya solenoidi. Toa waya wa hasi wa betri KWANZA, ule waya mnene ukigusa bodi na spana utaona moto.

BodabodaMstaafu
Samahani kuingilia. Yangu inafanana na hiyo, inagoma ikiwa ya moto, ila stata inazunguka vizuri kabisa, haishiki tu. Nikisubiri dakika ishirini inawaka. Nayo ni shaba?

DadaSpana
Hapana ndugu, stata yako nzima, usiiguse. Likigoma angalia mambo mawili: kuna cheche kwenye plagi? Pampu ya petroli inalia ukifungua swichi? Cheche ikikosekana injini ikiwa ya moto na ikarudi ikipoa, ningeanza na sensa ya kranki (inayoiambia kompyuta ya gari injini iko wapi kwenye mzunguko). Kwenye gari lenye distribyuta (kigawa cheche kwenda kwenye plagi), koili na ignita zinazotengeneza cheche pia. Pampu ikiwa kimya, tazama rilei yake, soldari za ndani hupasuka na joto likizifungua unabaki bila petroli. Fungua mada yako tutakujibu, hapa tutachanganyana.

KitiChaMbele
Tumefungua. Kuna vipande viwili vya shaba na kisahani kinachoviunganisha. Kipande cha upande wa betri kimechimbwa shimo lenye ukingo, ukipitisha ukucha unakwama. Cha upande wa mota kimeliwa robo tu. Kisahani kina duara jeusi upande mmoja. Kumbe kilikuwa kinagusa kimoja na kingine kinabaki hewani kwa unene wa karatasi.

Kaboni bado ni ndefu, fundi amezipima akaziacha. Nimebadilisha vipande vyote viwili pamoja na kisahani, tukapaka grisi kidogo kwenye gia ya mbele. Leo nimeendesha saa nzima, nikazima na kuwasha mara kumi na tano mfululizo na injini ya moto. Haijakataa hata moja. Vipande vya zamani nimeviweka kwenye droo ya dashibodi, yule fundi wa stata nzima nitamwonyesha.

MzeeKabureta
Na vichwa vya betri ulivikaza?

KitiChaMbele
Nilivikaza, Mzee. Cha hasi kilikuwa kinacheza kidogo.