Mjadala: Je, Ngao za Chuma Ziendelee Kuchomelewa Mbele ya Pikapu za Mjini?

Swali hili lilizuka barazani kwetu Changamwe, Mombasa, wiki iliyopita baada ya swala ya Isha, na mpaka tunatawanyika halikuwa limepata jawabu, kwa hiyo naliweka mbele ya wenzangu lijadiliwe kwa upana unaolistahiki. Ndugu mmoja anayebeba samaki na barafu kwa pikapu yake alisema kwamba mtu aliyenunua gari kwa jasho lake ana haki ya kulilinda kwa kifaa chochote anachokitaka, na kwamba kuziondoa ngao za chuma ni kumwacha mwenye gari bila kinga mbele ya matatu, tuktuk na bodaboda zinazopenya kila upenyo. Mzee mmoja ambaye hana gari, na ambaye kila siku huenda kazini kwa miguu, alimwuliza kwa upole: ngao hiyo inamkinga nani, na dhidi ya nani?

Mimi ni fundi wa bodi. Nimechomelea ngao za pikapu kwa miaka 18, na fedha za kazi hiyo zimenisomeshea watoto. Hata hivyo, msimamo wangu ni kwamba ngao ya mabomba ya chuma iliyochomelewa moja kwa moja kwenye chesisi, yaani fremu ya chuma inayolibeba gari, haifai kuruhusiwa kwenye gari linaloshinda mjini.

Kwa wasioijua kazi yenyewe, fundi huchukua mabomba ya inchi mbili au mbili na nusu, akayakunja, akayaunganisha na bamba nene la chuma, kisha akalichomelea bamba hilo kwenye ncha mbili za chesisi zilizo nyuma ya bampa. Ncha hizo ndizo kiini cha hoja yangu. Waliounda gari walizipa unyonge wa makusudi. Gari likigonga, bampa ya plastiki hupasuka, chuma chembamba kilicho nyuma yake hubonyea, na ncha za chesisi hujikunja, na katika kila hatua nguvu ya mgongano hupungua kabla haijamfikia aliyeketi ndani. Fundi akiziunganisha ncha hizo kwa bamba na mabomba, sehemu iliyotakiwa kujikunja hukakamaa, na mshindo wote hupita hadi kwenye kiti. Pikapu za siku hizi, iwe Hilux au D-Max, zina mifuko ya hewa inayofumka kuwakinga waliomo, ambayo kompyuta yake hupima jinsi gari linavyopunguza mwendo ghafla wakati wa kugonga. Ukibadilisha ugumu wa mbele ya gari umebadilisha kile kinachopimwa, na mfuko unaweza kufumka pasipohitajika au ukachelewa pale unapohitajika. Mteja anadhani amejiongezea usalama, kumbe ameuchezea ule aliokwisha kuulipia.

Hayo ni ya waliomo ndani ya gari, nami sikuyajali sana mpaka nilipoyaona ya walio nje. Miaka minne iliyopita mteja wangu mmoja alimgonga hamali wa mkokoteni karibu na soko la Kongowea, alfajiri, kwa mwendo ambao hata yeye mwenyewe aliuita wa pole. Siku mbili baadaye aliniletea gari nikague ngao kama imelegea. Nilipiga magoti mbele yake nikaipapasa kwa kiganja kutoka upande mmoja hadi wa pili. Rangi nyeusi niliyoipaka kwa mkono wangu haikuwa na mkwaruzo wowote. Kwenye bomba la chini tu, upande wa kushoto, kwenye kiungo nilichokichomelea bila kukisaga kikawa laini, palikuwa na nyuzi chache za kitambaa cha suruali zilizonaswa. Mteja alinishukuru kwa kazi imara. Hamali yule alivunjika goti na mfupa wa paja, na mpaka leo hajarudi kuvuta mkokoteni. Nilikwenda kumjulia hali, sikuwa na la kumwambia ila pole, na tangu siku ile sijachomelea ngao nyingine kwenye chesisi ya gari la mjini.

Simlaumu mteja peke yake, kwa sababu urefu wa ngao ile niliupima mimi. Bomba la chini la ngao nyingi tunazotengeneza hulingana na goti la mtu mzima, la katikati na nyonga, na la juu hufika kifuani au kichwani kwa mtoto wa darasa la kwanza. Boneti ni bati, nalo hubonyea likamwachia aliyegongwa nafasi ndogo ya kunusurika. Bomba halibonyei, na nguvu yote hukusanyika kwenye upana wa inchi mbili za mwili wa mtu. Sheria yetu ya trafiki inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa ndani ya miji, na wanaokufa kwa wingi zaidi katika barabara za Kenya ni waendao kwa miguu. Anayepita Kibarani, Magongo au Mtopanga wakati wa kutoka kazini ataona mwenyewe jinsi watu na magari wanavyogombania ukingo mmoja wa lami.

Barazani nilijibiwa kwamba haya ni mambo ya Ulaya. Ni kweli kwamba Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni mwaka 2005 zinazotaka ngao mpya zijaribiwe kwa vifaa vinavyoigiza mguu na kichwa cha mtu kabla hazijauzwa. Lakini India, yenye barabara zenye msongamano, mikokoteni na mafundi wa mitaani kama zetu, nayo iliziagiza serikali za majimbo mwezi Desemba 2017 ziwachukulie hatua wanaofunga ngao hizi, na sababu iliyotolewa ilikuwa usalama wa waendao kwa miguu pamoja na wa abiria wenyewe.

Sasa niseme na upande wa pili, kwa maana una hoja ambazo siwezi kuzipuuza. Anayesafiri usiku kutoka Mariakani kwenda Voi hupita Maji ya Chumvi, Samburu, Taru na Mackinnon Road, ambako ng'ombe na punda huvuka barabara gizani, na pikapu isiyo na kinga ikigonga ng'ombe rediata hutoboka, gari likakwama porini na mzigo wake. Australia, ambako ngao hizi hufungwa kwa ajili ya kangaruu na mifugo, haikuzipiga marufuku. Iliziwekea kiwango, na watengenezaji wake huziunda kwa modeli maalumu ya gari, wakazifunga kwa bolti kwenye vishikizo vinavyojikunja pamoja na chesisi ili mifuko ya hewa ifanye kazi yake. Ngao ya namna hiyo siipingi kwa mwenye safari za bara. Ninachokipinga ni kulichukulia gari linalotoka Bamburi kwenda Marikiti kila siku kana kwamba linavuka Tsavo.

Hoja ya pili ni ya gharama, nayo ndiyo inayosemwa kwa uchungu zaidi. Taa moja halisi ya mbele ya pikapu mpya hugharimu makumi ya maelfu ya shilingi, na kwenye foleni ya Makupa haipiti siku bila tuktuk kumgusa mtu. Naielewa hoja hii, lakini naona inachanganya mkwaruzo na ajali. Kinga ya mkwaruzo inaweza kuwa ya plastiki ngumu au mpira, ikafungwa chini ya kimo cha taa, nayo ikiharibika hubadilishwa kwa fedha chache. Chuma cha kilo 50 au 60 hakihitajiki kumzuia tuktuk asichubue rangi.

Wenye pikapu pia wanasahau kwamba tunaishi kando ya bahari. Moto wa kuchomelea huunguza rangi na dawa ya kuzuia kutu iliyo ndani ya chesisi, mahali ambapo brashi haifiki kuirudishia, na hewa ya chumvi haihitaji mlango mkubwa. Mwaka jana nilifungua ngao ya gari ambalo lilikuwa limechomelewa muda usiozidi miaka mitatu kabla, la mtu wa Likoni anayevuka na feri kila siku. Kwa nje palikuwa na viputo vidogo tu chini ya rangi. Niliposukuma kwa ncha ya bisibisi, chuma kilitoboka kama mkate mkavu, na vigamba vyekundu vikamwagika sakafuni, vikajaa kiganja. Mwenye gari alikuwa amelipa ili gari lake likingwe, na kumbe ncha ya chesisi ilikuwa imeliwa kutoka ndani.

Vifaa vingine sitavizungumza kwa kirefu, maana havina ubishi mwingi. Keria na kanopi ni halali yake mtu, mradi akumbuke kwamba kila kilo anayoifunga imetolewa kwenye uzito ambao gari limeruhusiwa kubeba. Aliyefunga kanopi ya chuma, ngao na winchi ya kuvutia gari lililokwama, kisha akapakia tani nzima ya saruji, amezidisha mzigo hata kama springi ameziongeza, kwa sababu breki ni zile zile. Taa za ziada ndizo zinazoniudhi kidogo. Taa ya wati 120 kwenye betri ya volti 12 huvuta ampea 10, nayo yataka waya wake mnene, fyuzi na rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, wala si kuunganishwa kwenye swichi ya taa za kawaida mpaka plastiki inuke. Ikiwa imefungwa juu ya ngao, ifunikwe mjini. Kuiwasha usiku kwenye barabara ya Malindi, uso kwa uso na bodaboda, ni kumpofusha mwenzako kwa hiari.

Hoja iliyobaki inanigusa mimi na vijana wangu watatu wa karakana. Wapo wanaosema kwamba kuzizuia ngao ni kuwanyima riziki mafundi wa jua kali. Mimi naliona tofauti. Kazi ya kuzitengeneza ngao za bolti, zenye vishikizo laini na kona zilizoviringwa, ni kubwa kuliko ya kuchomelea bomba, na mteja huilipia zaidi. Kinachokosekana ni kiwango ambacho fundi anaweza kukifuata na mkaguzi akakipima. Pikapu za biashara hukaguliwa kila mwaka. NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, ikiwaagiza wakaguzi watazame kiungo cha ngao na chesisi, na KEBS, shirika la viwango, ikaandika kwa Kiswahili chepesi vipimo vya kimo, unene na namna ya kufunga, ngao mbovu zitapungua bila askari wa barabarani kupewa sababu nyingine ya kumsimamisha dereva. Mafundi nao wapewe muda, mwaka mmoja kwa maoni yangu, na magari yaliyokwisha kuchomelewa yafunguliwe kwa utaratibu, kwa kuwa kukata chesisi kwa pupa ni hatari nyingine.

Mimi mwenyewe nimeanza kuzifungua ngao nilizozichomelea zamani, na kwa wateja wangu wa zamani sitozi fedha ya kazi, nadai gharama ya rangi na vifaa tu. Waliokuja mpaka sasa ni saba. Nawauliza hasa ndugu zangu wanaopeleka mizigo Taru na Voi: mkipata ngao ya bolti mnayoweza kuifungua kwa spana mkirudi Mariakani, kazi ya nusu saa hivi, mtakubali kuingia mjini bila hiyo? Na mzee wetu aendaye kwa miguu naye aseme kama hilo linamtosha, au anataka ziondolewe zote.